Wingu la Mkeka na Mwezi wa Mwambakuni

Mji wetu wa Bagamoyo umejaa watu wenye safari. Kaa barazani kidogo tu, utamsikia huyu akisimulia Ugogo na kiu yake, yule Ujiji na ziwa lake, na wa tatu anangoja wamalize ili awapeleke wote Manyema. Safari yangu mimi ni ya nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, na naapa nilipotea humo kuliko wao wote. Naiandika kwa sababu imeshaanza kusimuliwa bila mimi, na katika masimulizi hayo mimi ama ni mchawi ama ni mpumbavu. Nisomeni kwanza, kisha mchague.

Kazi yangu ni kushona kofia za vitobo. Maradhi yangu ni mawingu. Wenzangu wana bao lao, wana tetere wao tunduni. Mimi nikiketi mlangoni na sindano mkononi, wingu likipita, sindano inasimama. Sitafuti mvua humo wala bahati. Napenda tu kuona kitu kikubwa namna ile kikigeuka bila haraka na bila kumwomba mtu ruhusa. Vile vipande vidogo vya asubuhi vilivyopangana nimeviita Magamba. Yale membamba ya juu kabisa nimeyaita Nyuzi. Na lile la masika linalojenga ghorofa juu ya ghorofa upande wa bara, hilo ni Jumba, nalo limewahi kuniunguzia wali.

Raha yake siwezi kuieleza, ila aibu yake naiweza. Mtu akikukuta umeinua uso, naye huinua wake. Haoni kitu. Anauliza, "Kuna nini?" Ukimjibu "wingu", anangoja uendelee, na wewe huna la kuendelea. Mke wangu Zena alikwisha kuwaambia majirani kwamba nina shingo mbovu na mganga ameniamuru niinyooshe kila siku. Ndivyo anavyonisitiri.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia mwanzo wa kusi, masika yakiwa yanaaga. Bendera nyekundu ya Seyyid wa Unguja ilikuwa bado ikipepea forodhani, na Wadachi tulikuwa tukiwasikia kwa jina tu. Dada yangu Mwanakheri, aliyeolewa Mwambakuni kwa watu wa chumvi, akaniletea habari kwamba binti yake Mwanahawa ataolewa siku ya Idi, na mimi mjomba nimshonee bwana harusi kofia. Bwana harusi ni Salehe, kijana aliyekwisha kuandikwa askari wa msafara wa bara. Msafara wake ulikuwa ukusanyike Bagamoyo siku ya Ijumaa kabla ya sala, na asiyekuwapo, bunduki yake hupewa mwingine.

Hesabu yao ilikuwa hii. Mwezi ukiandama Jumatano jioni, Idi ni Alhamisi. Salehe ataoa Alhamisi, atalala kwake usiku mmoja, na alfajiri ya Ijumaa ataondoka. Usiku mmoja, kisha miaka miwili au mitatu, na sote tunawajua waliokwenda bara wasirudi. Mwezi usipoandama, Idi ni Ijumaa, na harusi hakuna.

Aliyeleta habari hiyo akaongeza nyingine, akiwa amekwisha kusimama aondoke. Alisema kwamba huko Mwambakuni, miezi ya kusi, alfajiri moja moja hutokea wingu refu juu ya bahari, limeviringwa kama mkeka, kutoka huku hadi kule, halina mwanzo wala mwisho. Nilimrudisha kitako akalisema mara tatu. Nikaishona kofia ya Salehe yote, ila nikaacha mstari mmoja mtupu kuzunguka kichwa, ili nikalione wingu lile nilitie humo.

Zena akaishika kofia, akaigeuzageuza. "Unakwenda harusini au unakwenda winguni?"

"Harusini."

"Basi mbona kofia haijaisha?"

Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, nikashika njia ya kusini nikiwa na kofia, sindano, uzi na kanzu ya Idi.

Saa moja asubuhi nilikuwa Kaole, kwenye makaburi ya kale yenye nguzo. Juu ya nguzo moja palikuwa na wingu dogo limetulia kabisa, kana kwamba limewekwa pale na mwashi. Nikasimama. Sikujua kwamba pembeni yupo mtu anakata majani. Aliponiona nimesimama mbele ya kaburi uso nimeuinua, akadhani nimekuja kuzuru kwa haja kubwa. Akatupa mundu, akasimama karibu nami, akainua mikono, akaanza Fatiha kwa sauti. Ningefanyaje? Nami nikainua mikono. Tulipomaliza akauliza kwa upole, "Haja yako ni ipi, bwana, tuitaje?" Nilikuwa nimefunga, sikuweza kusema uongo. Nikamwambia nataka kuona wingu. Akanitazama kidogo, kisha akasema "Amin" kwa nguvu zaidi kuliko kwanza, akarudi kwenye mundu wake. Hadi leo sijui kama alinicheka au aliniombea kweli.

Saa tatu nikaingia Zinga. Mkulima mmoja, Mzee Mbaruku, alikuwa ameshika pembe ya mkeka wenye mpunga mbichi, anasita nao kando ya njia, autandaze au asiutandaze. Nami nilikuwa nikitembea nikitazama juu, nikaukanyaga. Baada ya kuombana radhi na kuulizana hali, akataka kujua nachukua biashara gani. Nikasema sina biashara. Anayesafiri bila biashara katika mwezi wa kufunga lazima aeleze, nami nikaeleza kofia, harusi na wingu.

"Kumbe wewe ni mjuzi wa mawingu!" akasema, uso ukimng'aa. "Mungu amekuleta. Niambie, leo mvua ipo au haipo? Nianike?"

"Sijui, mzee."

"Hujui?"

"Mimi nayatazama tu."

Akacheka, akaniambia wajuzi wote husema hivyo. Alilichukua lile "sijui" langu kuwa ndiyo, akautandaza mpunga wake. Sikufika hata mwisho wa mashamba, likapita wingu ambalo nisingelidhania hata tone, likamwaga. Nilisikia sauti yake nyuma yangu: "Mtu wa mawingu hajui mvua! Basi unayatazamia nini?" Swali lenyewe lilikuwa la haki. Nilitembea nalo hadi adhuhuri.

Mwambakuni ni kijiji kidogo. Mbele yake bahari, nyuma yake minazi, na nyuma ya minazi uwanda mtupu wa chumvi ambako hakuoti kitu. Mwanakheri alinipokea kwa furaha, akaitazama kofia, furaha ikapungua. "Kaka, huu mstari umeliwa na panya?" Mwanahawa alikuwa ndani, mwari hatoki, akanisalimu nyuma ya mlango.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Eti umekuja kutazama Mkeka?"

Huyo peke yake hakucheka. Alisema aliwahi kuliona wingu hilo utotoni, akiwa mgongoni kwa bibi yake, wala halikumbuki vizuri.

Jumatatu alfajiri nilikuwa pwani. Bahari ilikuwepo, Mkeka haukuwepo. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano yakatoka Magamba mazuri sana, lakini Magamba ninayo nyumbani. Na huku nyuma yangu, bila mimi kujua, kijiji kilikuwa kinanitazama mimi. Kibwana, mtia chumvi na baba mdogo wa Salehe, mtu mwema mwenye sauti ya kuita ng'ambo, alikwisha kutangaza kwamba mjomba wa bibi harusi ni mwanachuoni wa mbingu, na kwamba mwaka huu mwezi hautawaponyoka. Nilipokataa, wakasema ni unyenyekevu. Nilipokataa mara ya pili, wakaniita Shehe.

Jumanne jioni, wakati wa kungoja adhana, Mwanahawa aliniita nikasogea mlangoni.

"Mjomba, kesho utautazama mwezi?"

"Nitautazama."

"Utauona?"

"Ukiwapo, nitauona."

Nilisikia bangili zake. "Uone, mjomba," akasema.

Jumatano, jua lilipokaribia kuzama, kijiji kizima kilikuwa uwandani, maana kule ndiko upande wa magharibi uko wazi, minazi haizibi. Wanaume mbele, wanawake nyuma. Mimi wakaniweka katikati, mahali pa heshima, karibu na Mwalimu Athumani. Huyu ndiye imamu wa msikiti wao, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, na neno lake ndilo la kufunga na kufungua. Kwa mwezi wa Idi anataka mashahidi wawili waadilifu, na ndivyo ilivyo katika dini.

Kulikuwa na mawingu mawili upande ule. Chini moja zito, jeusi, limelala. Juu yake Nyuzi, nyembamba, kingo zake zimeshika rangi ya jua. Baina yao palibaki mwanya. Jua likazama.

"Ule!" Kibwana akapiga ukelele. "Ule pale, ule! Allahu Akbar!"

Nikafuata kidole chake. Ndani ya mwanya niliona kitu cheupe, chembamba kama uzi wangu wa kofia, kimepinda. Nilikiona muda wa mtu kusema bismillahi mara tatu, kisha lile jeusi likapanda, likakifunika. Watu wengine walikuwa wakiulizana wapi, wapi, na hakuna aliyebahatika.

Mwalimu akamwita Kibwana. "Pembe zake zilielekea wapi?"

"Juu, Mwalimu, kama bakuli."

"Kulia kwa jua au kushoto?"

"Kulia, Mwalimu. Wallahi nimeuona kama ninavyokuona wewe."

"Shahidi wa kwanza," akasema Mwalimu, akanigeukia. "Fundi, na wewe umeuona?"

"Nimeona kitu, Mwalimu."

"Mwezi ni kitu. Wingu ni kitu. Umeona kipi?"

Hapo ndipo maradhi yangu yaliponiumbua. Asiyeyajua mawingu angesema mwezi, akaenda zake kula. Lakini mimi nimeona mara nyingi ukingo wa Nyuzi ukishika mwanga wa jua lililozama, ukajikunja, ukawa mweupe vile vile, na pembe juu vile vile. Nimeshadanganyika nao mlangoni kwangu nikamwita Zena aje aone mwezi, tarehe kumi ya mwezi! Kwa hiyo nilisimama pale nikiwa na mwezi na wingu katika jicho moja, na kila nilipoushika mmoja ulikuwa mwingine. Nikisema ndiyo, na kumbe ni wingu, kijiji kizima kitakula mchana wa Ramadhani kwa ulimi wangu. Nikisema siyo, na kumbe ni mwezi, watafunga siku ya Idi, na hiyo nayo ni haramu. Na nyuma ya yote nilisikia bangili za jana na neno lile, uone, mjomba. Nilitamani kuuona.

"Sijui," nikasema.

"Unasema hukuuona?"

"Sisemi sikuuona."

"Basi umeuona."

"Sisemi hivyo pia, Mwalimu. Nasema sijui."

"Sijui haifungui saumu," akasema Mwalimu. "Tutatimiza thelathini."

Minong'ono ikaanza, kisha ikawa makelele. Kibwana, ambaye tangu Jumapili alinipenda kuliko ndugu yake, alisema kwa sauti ya kufika Zinga, "Macho yanayotoboa kofia matundu elfu hayaoni mwezi!" Salehe alikuwa anatazama mchanga wa chumvi kati ya miguu yake. Mwalimu, kwa huruma yake, akamwambia dada yangu kwamba kuoa Ramadhani hakukukatazwa, wanaweza kufunga ndoa jioni ile ile kimya kimya, bila ngoma. Mwanakheri akatoka katikati ya wanawake.

"Bila ngoma? Mwanangu ana aibu gani hata aozwe kwa kunyatia, watu waseme tunaficha tumbo? Kitumbua chetu kimekwisha kuingia mchanga, Mwalimu. Tuacheni." Kisha akanitazama mimi, ndugu yake wa tumbo moja, akapita zake.

Alhamisi, baada ya kula daku peke yangu na kusali alfajiri, nikamkuta Salehe njiani amejifunga kikoi, ana fimbo. Alikuwa anakwenda Bagamoyo kumwomba mkuu wa msafara ampe siku moja. Alijua hatapewa. Nikamwambia nitafuatana naye nimsaidie kuomba. Akasema, "Kama ulivyonisaidia jana?" Kisha akaona haya, akaniomba radhi, nami nikamwambia hana kosa.

Tukatembea tukiipa bahari mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu nipate akili nilikwenda safari nzima bila kuinua kichwa. Niliona visigino vya Salehe, niliona siafu, niliona umande. Mbingu nilikuwa nimegombana nazo.

Saa tatu tukaingia Zinga, na mambo yakazidi kunichanganya. Watoto walikuwa wamepakwa wanja. Watu wamevaa kanzu nyeupe. Moshi ulikuwa unatoka kila ua, na harufu ya mchuzi wa kuku ilitupata kabla ya salamu. Nilidhani njaa imeniingia machoni.

"Idi mubarak!" Mzee Mbaruku akatujia huku anatafuna, paja la kuku mkononi. "Mtu wa mawingu! Njoo ule, mpunga wangu ulikauka bila wewe."

"Idi ipi?" akauliza Salehe.

"Kwani Idi ngapi? Mwezi umeandama jana. Mizinga ya mjini imepigwa, hamkuisikia?"

Hatukuisikia. Kusi huvuma kutoka Mwambakuni kwenda mjini, sauti ya mjini haipandi upepo. Zinga wenyewe walipata habari kwa mtu aliyekuja mbio kabla ya alfajiri, na wao wakamtuma mjumbe awahi Mwambakuni. Nikauliza mjumbe yuko wapi. Mzee Mbaruku akanionyesha kwa lile paja. Mjumbe alikuwa ugani, amelala chali, sahani mbili tupu kando yake. Alisema kwanza aonje kidogo ndipo aondoke.

Mwanamke mmoja akanitia kitumbua mkononi, bado cha moto. Nikakitazama. Nilikuwa nimefunga kwa amri ya Mwambakuni na nimesimama katika Idi ya Zinga. Nikila, nimekula Ramadhani ya kule. Nisipokula, nimefunga Idi ya huku. Nikageuka nimwulize Salehe yeye anaonaje. Salehe hakuwepo. Alikuwa amekwisha kufika kwenye mashamba, anakimbia, anarudi Mwambakuni.

Nikamkimbilia, kitumbua mkononi. Mzee Mbaruku alinipigia kelele kitu juu ya mvua, sikukisikia.

Adhuhuri ilikuwa imekwisha kupita tulipofika. Mwalimu Athumani alikuwa kibarazani mwa msikiti na wazee, midomo imewakauka, na Kibwana yumo. Salehe alijaribu kusema, pumzi ikamkataa, akanionyesha mimi. Wote wakanigeukia, na nyuso zao zilisema, huyu tena.

"Mwalimu," nikasema, "Zinga wanakula Idi. Mizinga imepigwa Bagamoyo."

"Umesikia au umeona?"

"Mizinga nimesikia habari yake. Idi nimeiona."

"Umeona nini?"

Loo, sikupata kujua kwamba ushahidi una utamu wake! "Nimeona watoto na wanja machoni. Nimeona kanzu mpya. Nimemwona Mzee Mbaruku akitafuna paja la kuku, la kulia, mfupa wake ukielekea juu. Nimemwona mjumbe aliyetumwa kwenu amelala na sahani mbili. Na nimepewa hiki." Nikafungua kiganja. Kitumbua kilikuwa kimepondeka kidogo, kimeshika jasho langu, lakini kitumbua ni kitumbua.

"Na wewe, Salehe, umeyaona haya?"

"Kwa macho yangu, Mwalimu."

"Hukukila, Fundi?"

"Sikujua kama nimefunga au nimefungua."

Mwalimu Athumani akakichukua kitumbua. Akakinusa. Akatazama juu kidogo, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya, akasema bismillahi, akakimega, akala. Hakuna aliyepumua hadi alipomeza. Kisha nusu iliyobaki akanirudishia, nami nikala. Kibwana akaruka kwa sauti ile yake, "Nilisema! Nilisema nimeuona!" akakimbilia nyumbani kutafuta muhogo. Mjumbe wa Zinga alifika alasiri na maneno yake aliyoyapanga, akakuta ngoma zinaanza.

Ilipofika alasiri hiyo nilikuwa nimeketi ukumbini kwa dada yangu, ambaye sasa ananiita kaka tena. Kofia ilikuwa magotini, na mstari wake mtupu. Ndoa ilikuwa baada ya magharibi. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wanampaka Mwanahawa hina.

"Mjomba," akaita, "umeliona leo asubuhi?"

"Nini?"

"Mkeka."

Sindano ikanichoma. Akanieleza. Jana baada ya watu kurudi kutoka uwandani hakuna aliyemlinda tena, maana mwari bila harusi ni mtu tu. Kabla ya kucha akatoka, akaenda pwani alie pasipo mtu. Na lilikuwa pale, juu ya maji, limelala kutoka kaskazini hadi kusini, chini kijivu, juu lina weupe, na linajiviringa polepole likija huku likipita juu ya kichwa chake, na nyuma yake mbingu safi. Wakati ule mimi nilikuwa njiani, nimelipa mgongo, nahesabu visigino.

Nilitaka kulia, nami sioni haya kuyasema. Alfajiri tatu nililingoja pwani, na siku niliyoinamisha kichwa ndiyo siku lililopita, huenda hata juu yangu.

"Nilisimama hadi lilipokwisha," akasema Mwanahawa. "Nilijua hupo, mjomba. Nikasema nikuangalilie."

Nikavuta uzi. "Ukingo wa chini ulinyooka?"

"Hapana, ulikuwa na mawimbi mawimbi. Madogo."

"Namna hii?" Nikaipitisha kofia chini ya pazia. Ikarudi na alama ya kidole, chenye hina, hapo alipotaka nirekebishe. Tulifanya hivyo mara nyingi, nami nikamaliza mstari jua likiwa linazama. Alama za hina zilibaki, hazikutoka. Salehe aliivaa hivyo hivyo.

Ijumaa, kabla ya jua, tuliondoka wawili. Mwanahawa alisimama mlangoni, hakuja hata hatua moja, na Salehe aligeuka mara mbili. Zinga tulipita haraka. Kaole yule mkata majani alikuwepo, akaniuliza kwa mbali, "Umeliona?" Nikamwambia limeonekana. Akasema alhamdulillahi. Tulifika mjini adhana haijapigwa, na Salehe akaipata bunduki yake.

Nyumbani Zena alikuwa ameniwekea sehemu yangu ya Idi, imepoa. Nikamsimulia yote. Akaniambia mashahidi wa mwezi wa Bagamoyo walikuwa watu wawili, na mmoja wao ni jirani yetu, mzee yule ambaye wiki iliyopita alimwamkia mbuzi wetu shikamoo. Kwa hiyo hata hapo sikupata pa kushika.

"Na wewe kwa kweli," akauliza, "uliuona au hukuuona?"

"Sijui, Zena."

"Na wingu je? Nani kaliona?"

"Mwanahawa."

"Peke yake? Shahidi mmoja?"

Jumamosi alfajiri msafara ulitoka. Nilisimama kando ya njia, Zena karibu yangu, tukamtafuta Salehe katika watu wengi na mizigo yao. Tulimwona kwa kofia. Ilipita kati ya vichwa, nyeupe, mstari wa mawimbi ukiizunguka, na ule wekundu wa vidole ukaonekana hata kwa mbali, hata kwangu. Wingu ambalo sikuliona limekwenda bara kichwani mwa mtu ambaye huenda sitamwona tena, na pwani yuko binti wa dada yangu anayelijua vizuri kuliko mimi.

Nilichojifunza ni hicho, wala sidai kingine. Kwa mwezi wa Idi wanatakiwa mashahidi wawili. Kwa wingu, huyu mmoja amenitosha.